Habari za Watakatifu: Mkate Uliogeuka Maua



Wasomaji wetu wapendwa, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya habari moja ambayo walimu wa dini huipenda sana, na watoto huisikiliza kwa furaha, nayo ni habari ya mkate uliogeuka kuwa maua. Katika nyumba nyingi za Kikristo imo picha yake, ama ukutani ama ndani ya kitabu cha sala: mwanamke kijana mwenye taji kichwani, ameshika upindo wa nguo yake, na ndani ya upindo yamejaa mawaridi. Mwanamke huyo ni Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, ambaye sikukuu yake huadhimishwa tarehe 17 Novemba.

Habari yenyewe husimuliwa hivi. Elizabeti alikuwa mke wa mtawala wa nchi ya Thuringia katika Ujerumani, naye alikaa katika ngome ya Wartburg, iliyo juu ya mlima. Siku moja ya baridi kali alishuka mlimani akichukua mikate katika upindo wa nguo yake, kuwapelekea maskini. Njiani akakutana na mumewe. Mume akamwuliza, "Umechukua nini humo?" Elizabeti akaogopa. Mume akaufunua upindo, asione mkate hata mmoja, ila mawaridi mazuri yenye harufu, na wakati ule haukuwa wakati wa maua. Mume akastaajabu, akamwacha aende zake.

Ndivyo isimuliwavyo. Lakini watoto wa nchi hii yetu ya kati, wa Ugogo na wa Kondoa, ambao njaa si jambo geni kwao, wakiisha kuisikia habari hii huuliza swali ambalo labda watoto wa nchi za shibe hawaliulizi. Husema, "Mwalimu, ikiwa mikate iligeuka maua, je, maskini walikula nini siku ile?"

Mwalimu asiyejiweka tayari hutafuta la kujibu asilipate. Mwingine humkemea mtoto, akamwambia asihoji mambo ya watakatifu. Mwingine hujibu upesi kwamba maua yaligeuka tena kuwa mkate, na kweli wapo wasimuliao hivyo. Sisi twaona kwamba mtoto aulizaye hivi hakukosa adabu, bali ameshika kiini cha habari yenyewe kuliko wengi wetu tulio wakubwa. Kwa maana mtakatifu huyu hakushuka mlimani ili kumwonyesha mumewe maua. Alishuka ili watu wale. Basi tumjibu mtoto huyu vema, na katika kumjibu tutapata mafundisho kwa ajili ya nyumba zetu.

Kwanza ifahamike habari hii ni ya namna gani. Wazungu huiita habari kama hii kwa neno la Kilatini, legenda, maana yake mambo ya kusomwa. Hapo kale, sikukuu ya mtakatifu ilipofika, watawa walisomewa maisha yake, na maandiko yale ndiyo yaliyoitwa legenda. Walioyaandika hawakuwa waongo. Waliandika kama mchoraji anavyochora. Mchoraji humwekea mtakatifu duara la nuru kichwani, wala hakuna asemaye kwamba majirani waliliona duara lile kila alipokwenda kisimani kuteka maji. Duara latuambia jambo la kweli juu ya utakatifu wake, lakini halituambii alivaa nini kichwani siku ile.

Kanisa lenyewe halikupendezwa kuyachanganya mambo haya. Tangu mwaka 1643 Wajesuiti waitwao Wabollandi walianza kutoa vitabu vikubwa vya maisha ya watakatifu, wakipima kila habari ili ijulikane ipi ina mashahidi na ipi haina. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, uliagiza kwamba maisha ya watakatifu yasomwayo katika sala ya Kanisa yapatane na ukweli wa historia. Kwa hiyo mwalimu apimaye habari hapungukiwi na imani. Afanya lile Kanisa lililoagiza.

Wala hatusemi kwamba Mungu hawezi kuchanusha maua pasipo na majira yake. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 17, twasoma jinsi fimbo kavu ya Haruni ilivyochipuka, ikatoa maua, ikazaa lozi. Aliyefanya hivyo aweza kufanya apendavyo katika upindo wa nguo ya mwanamke. Lakini kuweza kwa Mungu ni jambo moja, na kujua kwamba alifanya ni jambo jingine. La pili lahitaji mashahidi.

Basi na tuwasikilize mashahidi wa Elizabeti, kwa maana wapo. Elizabeti alizaliwa mwaka 1207, binti wa mfalme wa Hungaria. Mwaka 1211, akiwa na umri wa miaka 4, alipelekwa Thuringia kulelewa katika nyumba ya watu ambao angeolewa kwao. Mwaka 1221 aliolewa na Ludwig wa Nne, mtawala wa nchi ile. Wakazaa watoto watatu. Mwaka 1227 Ludwig alikufa kwa homa huko Otranto, Italia, akiwa njiani kwenda vita vya msalaba. Elizabeti akatoka ngomeni, akaenda kukaa Marburg, akajenga hospitali, akawauguza wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe. Alikufa tarehe 17 Novemba 1231, akiwa na umri wa miaka 24 tu. Mwaka 1235 Baba Mtakatifu Gregori wa Tisa alimtangaza kuwa mtakatifu.

Kabla ya kutangazwa, Kanisa lilifanya uchunguzi, na wanawake wanne waliomtumikia waliulizwa juu ya maisha yake. Mmoja wao, Guda, alikuwa pamoja naye tangu utoto. Mwingine, Isentrud, aliketi karibu naye siku za ndoa yake. Maneno yao yaliandikwa, nayo yapo mpaka leo. Humo hamna habari ya mawaridi. Ikiwa mikate ingegeuka maua mbele ya mume wake, yamkini wanawake hawa wangalijua, na kama wangalijua wasingalinyamaza. Tena wapo wasimuliao kwamba aliyemkuta njiani si mumewe bali ni baba yake, mfalme wa Hungaria. Nasi twajua kwamba Elizabeti aliondoka kwa baba yake akiwa mtoto wa miaka 4. Kwa hayo twaona kwamba mawaridi yaliingia katika habari zake baadaye.

Lakini wanawake hawa wanne, wasiosema neno juu ya maua, wana mengi ya kusema juu ya mkate. Na hapa ndipo mtoto wetu apatapo jibu lake.

Mwaka 1226 njaa kubwa ilishika nchi. Ludwig alikuwa hayupo. Alikwenda Italia kwa shughuli za Kaisari. Elizabeti, aliyekuwa na miaka 19 hivi, alizifungua ghala za mumewe, akatoa nafaka, akawagawia wenye njaa kila siku kiasi cha kuwatosha siku ile. Chini ya ngome alifanya nyumba ya wagonjwa, naye mwenyewe alishuka kuwatazama. Nafaka isipotosha, aliuza mapambo na nguo zake za thamani. Na mavuno mapya yalipokaribia, wale walioweza kufanya kazi aliwapa mashati, na viatu, na miundu, wakaenda kuvuna, wapate kula kwa jasho lao.

Maskini walikula nini siku ile? Walikula nafaka ya ghalani. Hilo ndilo jibu, nalo ni la kweli, lina mashahidi. Mwambieni mtoto hivyo, wala msiogope.

Twaomba mtazame jambo la miundu. Mtu asiyefikiri huwapa wenye njaa chakula leo, akadhani amemaliza. Elizabeti alijua kwamba mtu aliyedhoofika kwa njaa, asiye na nguo wala chombo cha kuvunia, atayaona mavuno kwa macho tu, kisha atarudi kuomba. Nasi hapa kwetu twajua vivyo hivyo. Mvua ya kwanza ikinyesha, mtu aliyekula mbegu zake hana cha kupanda. Ampaye debe la unga mwezi wa Januari amemsaidia; lakini aliyempa kibaba cha mbegu na jembe mwezi wa Novemba amemsaidia zaidi.

Sasa twasema juu ya mume. Katika habari ya mawaridi Ludwig aonekana kama mtu mgumu, ambaye mkewe amwogopa na kumficha. Mashahidi hawasemi hivyo. Ludwig aliporudi kutoka Italia, watumishi wakuu wa nyumba walimwendea wakamshtaki mkewe kwamba ameimaliza mali. Yeye akajibu kwamba mkewe aachwe atoe sadaka kwa ajili ya Mungu, mradi ngome mbili, Wartburg na Neuenburg, zibaki katika milki yake. Hivyo aliyewafichia wenye njaa hakuwa mume. Walikuwa wale wenye funguo za ghala ambazo si zao.

Tena kuna jambo jingine alilolieleza Isentrud, nasi twalipenda kuliko mawaridi yote. Padri aliyemwungamisha, Konrad wa Marburg, alimwagiza Elizabeti asile chakula chochote asichojua kuwa kimepatikana kwa haki. Kwa maana vyakula vingi vya nyumba za wakubwa siku zile vilitoka kwa wakulima walionyang'anywa. Basi Elizabeti aliketi mezani pamoja na mumewe na wageni, vyakula vimejaa mbele yake, naye alikuwa akiuliza hiki kimetoka wapi. Akiambiwa kimetoka kwa haki, alikula kwa furaha. Akiambiwa kimetoka kwa dhuluma, alikaa na njaa yake. Ludwig hakumkasirikia. Alisema kwamba yeye naye angependa kufanya vivyo hivyo, ila alichelea maneno ya watu wa nyumbani.

Sisi watu wa nyanda za kati twapaswa kulielewa jambo hili upesi. Wazee wetu walituachia jina la Mtunya, yaani njaa iliyoishika Ugogo kati ya miaka 1917 na 1920. Njaa hiyo haikuletwa na jua peke yake. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Majeshi ya Wajerumani kwanza, na baada yao majeshi ya Waingereza walioingia Dodoma mwaka 1916, yalichukua nafaka na ng'ombe za watu, na vijana wenye nguvu wakachukuliwa kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua zikakosekana, na vihenge vilikuwa vitupu tayari. Hukadiriwa kwamba watu wapata 30,000 walikufa, katika nchi iliyokuwa na watu 150,000 hivi. Wakati ule kila aliyekula nafaka ya Ugogo katika kambi za majeshi alikula chakula cha mtu mwingine. Kama mmoja wa wakubwa wao angaliuliza mezani, "Hiki kimetoka wapi?" labda nyumba kadha wa kadha zisingalitoweka.

Na tusidhani kwamba dhuluma ya namna hii ilikwisha pamoja na majeshi. Mavuno yakiisha, uwele na mtama huwa rahisi, na mwenye haja ya fedha huuza hata akiba yake. Ifikapo Desemba na Januari bei hupanda, na yule yule aliyeuza hurudi kuhemea kwa bei kubwa. Wapo wanunuao mazao yangali mabichi shambani, kwa fedha kidogo, kwa kuwa mwenye shamba ana mtoto mgonjwa. Pengine mnunuzi ni Mkristo, pengine ni mwalimu mwenye mshahara, na Jumapili huonekana kanisani akitoa sadaka. Ndugu zetu, mkate uliopatikana hivyo, hata ukifunikwa kwa maua, hautageuka.

Turudi sasa kwenye maua, tuone kwa nini watu waliyapenda hata wakayaingiza katika habari hizi. Kwa maana Elizabeti wa Hungaria si peke yake. Mjukuu wa ndugu yake, aliyeitwa Elizabeti kwa jina lake, aliolewa na mfalme Dinis wa Ureno, akafa mwaka 1336. Naye husimuliwa kwamba mikate au fedha alizowachukulia maskini ziligeuka mawaridi mbele ya mfalme. Mtakatifu Zita, mtumishi wa nyumbani aliyekufa mwaka 1272 katika mji wa Lucca huko Italia, husimuliwa habari iyo hiyo. Lucca ndio mji alimofia Mtakatifu Gema Galgani mwaka 1903, ambaye jina lake lajulikana sana Dodoma kwa ajili ya masista waitwao kwa jina lake.

Na wa nne yuko karibu nasi kwa namna ya ajabu. Kanisa Kuu la Dodoma limewekwa chini ya jina la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa shirika la Mateso, ambalo mapadre wake walikabidhiwa nchi hii ilipofanywa kuwa eneo la utume la Dodoma mwaka 1935. Paulo wa Msalaba alitangazwa kuwa mtakatifu na Baba Mtakatifu Pio wa Tisa tarehe 29 Juni 1867. Siku ile ile, pamoja naye, alitangazwa msichana mchunga kondoo wa Ufaransa, jina lake Germaine Cousin.

Germaine alizaliwa mwaka 1579 katika kijiji cha Pibrac, karibu na mji wa Toulouse. Mama yake alikufa yeye akingali mdogo sana. Mkono wake mmoja ulikuwa umepooza, na shingo ilikuwa na vidonda vya matezi. Baba yake akaoa mke mwingine, naye mama wa kambo hakumpenda mtoto huyu. Akamtoa nje ya nyumba, akalala zizini au chini ya ngazi juu ya matawi, na kila siku akapelekwa kuchunga kondoo. Chakula alichopewa kilikuwa kidogo, naye alikigawa na maskini. Husimuliwa kwamba siku moja ya baridi mama wa kambo alimfukuza kwa fimbo mbele ya majirani, akisema kwamba ameiba mkate na kuuficha katika nguo. Nguo ikafunuliwa, yakaanguka maua. Mwaka 1601 Germaine alikutwa amekufa pale pale alipolala, akiwa na umri wa miaka 22. Sikukuu yake ni tarehe 15 Juni.

Malkia, na mke wa mtawala, na mtumishi wa nyumbani, na mchunga kondoo: wote wanne husimuliwa habari moja. Habari ikisimuliwa hivi juu ya watu wengi, yatuonyesha kwamba watu walitafuta namna ya kusema jambo wanaloliamini. Nalo ni hili, kwamba chakula alichopewa mwenye njaa ni kizuri machoni pa Mungu, kama ua lililochanua wakati wa baridi, pasipo mtu kulitazamia. Sisi nasi twaweza kulifahamu bila kuona waridi. Mwishoni mwa kiangazi, nchi ikiwa kavu na vumbi tupu, mibuyu yetu hutoa maua makubwa meupe. Hufunguka jioni, na kesho yake huanguka chini. Atazamaye mti ule usio na majani hadhani kwamba waweza kutoa kitu laini namna ile. Ndivyo ilivyo sadaka ya mtu aliye na kidogo.

Na juu ya Paulo wa Msalaba mwenyewe husimuliwa habari ya maua isiyo na mwujiza wowote. Wasema kwamba alipotembea njiani aliyagusa maua kwa fimbo yake, akiyaambia yanyamaze, kwa sababu yalikuwa yakimhubiri upendo wa Mungu kwa sauti kubwa mno. Hapa mkate haukugeuka, wala ua halikugeuka; mwenye kugeuka ni moyo wa mtu atazamaye. Mwujiza wa namna hii hauhitaji mashahidi wa kuulizwa, maana kila mmoja wetu aweza kuujaribu njiani aendapo shambani.

Limebaki swali moja ambalo walimu wapaswa kulitengeneza. Katika masimulizi mengine, hasa yale ya Elizabeti wa Ureno, mtakatifu aulizwapo amechukua nini hujibu kwamba ni mawaridi, hali anajua kwamba si mawaridi. Watoto wenye akili hulishika jambo hili. Husema, "Basi uongo wafaa, mradi uwe kwa ajili ya kutenda mema, na Mungu ataufunika." Hapana. Msiache watoto waondoke na fundisho hilo. Mungu hafuniki uongo kwa maua. Afadhali waambieni kwamba masimulizi yaliongezwa na watu, na kwamba katika ushahidi wa kweli Elizabeti wa Hungaria hakuwa na haja ya kusema uongo, kwa kuwa yeye na mumewe walikuwa na moyo mmoja.

Na jambo hili laingia nyumbani mwetu moja kwa moja. Iko nyumba ambamo mke hutoa kibaba cha unga kwa siri, akimpa jirani mjane, huku akichungulia mlango asije mume akamwona. Twamsifu kwa huruma yake, lakini twasikitika kwa hofu yake. Mke wa Kikristo aogopapo kusema mbele ya mumewe, "Nimempa mjane chakula," upo ugonjwa katika nyumba ile, na anayepaswa kutibiwa kwanza si mke. Iko na nyumba nyingine ambamo mume huwakaribisha marafiki kwa ukarimu mwingi ili asifiwe, asijue kwamba kihenge cha mkewe kimefika chini na watoto watalala njaa. Hiyo nayo si sadaka. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nasi twaongeza, katika ndoa kutoa ni mioyo miwili.

Kadhalika nyumba yenye mtoto wa kambo au yatima ijipime kwa habari ya Germaine. Msiyatazame maua yaliyoanguka. Litazameni bakuli lake. Je, sahani ya mtoto yule yalingana na za wenzake? Je, alala mahali walalapo wenzake? Wakati wa njaa hatumwulizi mama maneno haya kwa mdomo. Twawatazama watoto wakiketi kula, nasi twajua.

Basi twatoa mashauri matatu, wala si magumu.

La kwanza ni kwa walimu. Mkiwasimulia watoto habari za watakatifu, jizoezeni kusema maneno mawili kwa uaminifu. Palipo na masimulizi semeni, "Husimuliwa". Palipo na ushahidi semeni, "Twajua". Mtoto akizoea tofauti hiyo tangu udogo, hatapotewa na imani siku atakapokuwa mkubwa na kusikia kwamba mawaridi hayamo katika maandiko ya kwanza. Lakini mtoto aliyefundishwa yote kwa uzito mmoja, siku atakapolitupa moja aweza kuyatupa yote, hata yale ya Injili. Msiache kusimulia habari ya maua, kwa maana ni nzuri. Ila msiimalize kwenye maua. Imalizeni kwenye ghala.

La pili ni kwa mume na mke. Sikukuu ya Elizabeti huangukia mwezi wa Novemba, ambapo hapa kwetu mashamba husafishwa, macho hutazama mawingu, na chakula cha mwaka uliopita chaanza kupungua. Jioni ya siku hiyo, baada ya sala, nendeni pamoja kwenye kihenge chenu, mkitazame. Hesabuni kitawafikisha mwezi gani. Kisha patanani juu ya kipimo kimoja, hata kikiwa kibaba tu, kuwa ni cha mwenye njaa atakayebisha hodi, ili ajapo mmoja wenu asihitaji kumficha mwenzake. Na kama mna mbegu za ziada, fikirini ni jirani gani hana.

La tatu ni kwa wote walio na mshahara, au duka, au cheo. Ulizeni swali la Elizabeti mezani: hiki kimetoka wapi? Ikiwa kimetoka kwa mtu aliyeuza kwa kushikwa na shida, mrudishieni haki yake kabla ya kupeleka sadaka kanisani.

Na mtoto akiuliza tena maskini walikula nini siku ile, mwacheni aulize. Kisha mwambieni aende akachukue kibaba kile mlichopatana, ampelekee jirani mikononi, bila kukifunika.

Mungu azibariki nyumba zenu na vihenge vyenu, awape mvua kwa wakati wake. Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, utuombee. Mtakatifu Germaine, utuombee. Mtakatifu Paulo wa Msalaba, utuombee.